Springi Kwanza, Shokapu Baadaye: Kuchagua Vipuri vya Chini vya Gari la Porini

Karibuni, wadau. Kama gari lako limelala nyuma, linagonga kwenye kila tuta la Mbezi, au ukirudi kutoka Mloka kule Rufiji unasikia chuma na chuma vinakutana huko chini, usikimbilie maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar, kununua shokapu nne. Hela nyingi sana inapotelea hapo, kwa sababu shokapu haibebi gari. Gari linabebwa na springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kucheza baada ya kupita shimo. Springi ikishachoka, hata ufunge shokapu ya bei kubwa kuliko zote Kariakoo, gari litabaki limelala na litaendelea kugonga.

Kwa hiyo tunaanza na gari lenyewe, halafu uzito wake, halafu springi. Shokapu zitasubiri.

Hatua ya kwanza, jua gari lako limetengenezwaje chini. Hapa tuna Prado 120. Mbele kila tairi linajitegemea, na springi ya koili imevalishwa juu ya shokapu, vinatoka pamoja. Nyuma kuna ekseli nzima, koili iko peke yake na shokapu iko pembeni. Baadhi ya Prado hizi zilikuja na springi za upepo nyuma, kwa hiyo inama uangalie kabla hujaagiza kitu. Land Cruiser Hardtop ni habari nyingine: nyuma ni springi za bapa, yaani mapande ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, na mbele inategemea mwaka. Zile za modeli ya 75 za zamani zina bapa mbele pia, lakini kuanzia 1999 zilipoingia 78 na 79, mbele zikawekewa koili. Defender za zamani zina koili kotekote.

Usiende dukani ukasema "nataka springi za Prado". Fungua boneti, piga picha bamba la namba ya chasisi na modeli. KDJ120 ni ya dizeli, TRJ120 ni ya petroli, na injini ya dizeli ina uzito zaidi puani. Ukifunga springi za mbele za petroli kwenye gari la dizeli, pua itainama hata kama springi ni mpya kabisa.

Hatua ya pili, uzito. Hapa naomba utulie, chukua karatasi na kalamu. Andika kila kitu ambacho hakishuki kwenye gari lako. Bampa la chuma la mbele, kilo 50 au zaidi. Winchi na kamba yake, kilo 30 hivi. Betri ya pili, kilo 20. Keria ya juu. Hema la juu, kilo 60 si ajabu. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20, bila dumu lenyewe. Halafu andika pembeni vile unavyopakia mara mojamoja tu, kama familia na mabegi ya kwenda Saadani wakati wa sikukuu.

Orodha ya kwanza ndiyo inayochagua springi. Hiyo ya pili isikushawishi. Watengenezaji wazuri huuza springi kwa madaraja ya uzito ulioongezwa: gari tupu, gari lenye bampa, gari lenye bampa na winchi, gari lenye mzigo wa kudumu nyuma. Mtu anayetembea Sinza na Posta siku sita kwa wiki akinunua springi ya mzigo mzito kwa ajili ya safari mbili za mwaka, mwaka mzima gari litamrukaruka, tairi litapoteza mshiko kwenye kona yenye mchanga, na mgongo utamuuma. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi hapa mjini. Watu wanaamini springi ngumu ndiyo springi imara. Sivyo. Springi imara ni ile inayolingana na mzigo wake.

Hatua ya tatu, pima. Paki mahali palipo sawa, gari likiwa na mzigo wake wa kila siku. Weka futi (utepe wa kupimia) katikati ya ringi, pandisha wima mpaka ukingo wa madigadi. Pima kuanzia katikati ya ringi, siyo kuanzia chini, kwa sababu upepo wa tairi ukiwa mdogo utakudanganya. Andika namba nne, moja kwa kila kona. Tazama hapa: nyuma kulia pameshuka kwa sentimita 2 kuliko kushoto. Shokapu haihusiki na hilo kabisa, ni koili iliyochoka. Ukiona hivyo badilisha jozi nzima ya nyuma, usibadilishe moja. Na ukifungua boksi, soma alama za springi zenyewe. Mara nyingi ya kulia na ya kushoto haziko sawa, moja ni ndefu kidogo kwa sababu gari halina uzito sawa pande zote. Fundi akizibadilisha pande, gari litainama na wewe utadhani umeuziwa feki.

Wenye springi za bapa, angalieni pande mojamoja. Safisha vumbi kwa brashi ya waya, kisha tafuta ufa karibu na bolti ya katikati na chini ya yubolti, ile bolti ya umbo la U inayobana springi kwenye ekseli. Pande likipasuka, kuchomelea si tiba: moto wa kuchomelea unaua ugumu wa chuma hicho, na litakatika tena pembeni ya weldi. Ukibadilisha springi, nunua na yubolti mpya. Za zamani zimeshavutika, zikikazwa tena hazishiki ilivyotakiwa.

Kuhusu kuinua gari, sentimita 5 zinatosha kwa Prado na Hardtop za matumizi ya kawaida. Ukizidisha hapo, shafti za mbele za Prado zinakaa kwenye pembe kali na kula raba zake, na kwenye Hardtop usukani unaanza kukosa utulivu ukiwa kasi. Vile vikombe vya raba au aluminiamu vinavyowekwa juu ya springi vinaongeza kimo tu, nguvu ya kubeba inabaki ileile. Gari lililolala kwa uzito halitibiwi kwa kikombe.

Sasa shokapu. Urefu wake lazima uendane na springi uliyochagua. Ukiinua gari kwa sentimita 5 na kubakisha shokapu fupi ya kiwandani, tairi likining'inia shimoni shokapu inafika mwisho na kuvutwa kwa nguvu mpaka inakatika kichwani. Ndefu kupita kiasi nayo inagonga chini gari likidumbukia. Mwambie muuzaji kimo ulichoongeza, akupe inayolingana.

Aina ni mbili kubwa. Ya mirija miwili ni laini kwa mjini na bei yake nafuu. Ya mrija mmoja yenye gesi ya presha kubwa inapoa haraka zaidi, na kupoa ndiko kunakohitajika kwenye barabara ya Kibiti hadi Mloka iliyojikunja kama bati, maana shokapu inapotuliza mtikisiko inaugeuza kuwa joto. Mafuta yakichemka, nguvu ya kutuliza inaisha na gari linaanza kuelea. Kama huendi huko mara kwa mara, ya mirija miwili yenye jina zuri inatosha, usijiumize.

Kuna kipimo kimoja kisichohitaji kifaa. Ukiwa kwenye barabara mbovu, simama baada ya nusu saa, sogeza kiganja karibu na kila shokapu bila kuikamata, maana inaweza kuunguza. Zinatakiwa zote ziwe na joto. Ile iliyo baridi wakati wenzake wanafuka joto imekufa, haifanyi kazi.

Hii hapa tumeitoa mbele kushoto. Elekeza kwenye mwanga uone fimbo yake. Mnaona vidoa hivi vidogo vya kutu kwenye kromu? Hewa ya chumvi ya pwani inaanzia hapo, hasa kwa magari yanayoshinda Kigamboni. Kila fimbo inapopanda na kushuka, vidoa hivi vinakwangua sili inayozuia mafuta, na mafuta yanatoka. Unyevu mwepesi usikutishe. Mafuta yanayochuruzika na kushika tope mpaka chini, hiyo imekwisha. Ndiyo sababu sishauri kabisa shokapu za mtumba, hata kama zimefutwa zikang'aa. Springi ya mtumba isiyo na ufa unaweza kuijadili, shokapu hapana.

Dukani, nenda na ile ya zamani mkononi. Linganisha urefu, matundu ya bolti na kipenyo cha fimbo. Majina yanayotafutwa sana kama KYB kwa shokapu na 555 kwa boljointi (kiungo cha duara kinachoruhusu tairi kukata kona na kupanda) ndiyo yanayoigwa sana, kwa hiyo usinunue boksi, fungua. Angalia kama namba imechongwa kwenye chuma chenyewe au imebandikwa stika tu, pitisha nati kwa vidole uone kama nyuzi ni safi, cheza na boljointi: mpya inazunguka kwa uzito, hailegei. Dai risiti ya EFD na makubaliano ya kurudisha. Muuzaji anayekataa hivyo viwili, muage kwa heshima uende duka linalofuata.

Bushi, yaani mito midogo ya kwenye maungio ya chini, zibadilishwe hapohapo, kwa sababu gari limeshafunguliwa. Chagua za raba. Zile ngumu za plastiki zinadumu, lakini zinapeleka mtikisiko wote kwenye bodi.

Kwenye kufunga, simama na fundi wako kwa mambo mawili. La kwanza, shokapu ya mirija miwili isimamishe wima, isukume na kuivuta mara kadhaa mpaka isikwame katikati, maana ilikuwa imelazwa dukani na hewa imeingia. La pili, bolti za bushi zishikizwe tu gari likiwa kwenye jeki, zikazwe kabisa likiwa limekanyaga chini na uzito wake wote. Zikikazwa tairi likiwa linaning'inia, raba inabaki imejisokota kila siku na itachanika mapema. Na koili ya mbele ya Prado isifunguliwe bila kibanio cha springi. Koili iliyobanwa ikifyatuka inaua.

Baada ya hapo pima alaimenti, yaani mwelekeo wa tairi, hakikisha hozi za breki hazivutiki tairi likining'inia, na kama gari lina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma, fundi airekebishe kulingana na kimo kipya. Endesha kilomita 500, kisha rudi gereji mkaze tena yubolti na bolti zote, na upime zile kona nne kwa futi. Springi mpya hushuka kidogo mwanzoni, kwa hiyo namba za siku hiyo ndizo za kuhifadhi.