Fonti za mwandiko: wapi zinakaa, wapi hazikai

Asalaam aleikum vijana wangu, ahsanteni kwa kuja. Leo tunazungumza hizi fonti za mwandiko wa mkono, hizi zenye mikia na madoido ambazo karibu kila kadi ya harusi hapa Unguja inazo, miye nazipenda mno na ndo maana inaniuma nikiona zinatumiwa ovyo.

Nyingi asili yake ni kalamu yenye ncha inayotanuka ukiikandamiza, ukishuka mstari unakuja mnene, ukipanda unakuja mwembamba. Mchora fonti Matthew Carter alipochora fonti ya Snell Roundhand mwaka 1965 alifuata hati ya Charles Snell, mwalimu wa mwandiko wa London ya zamani. Mfaransa Roger Excoffon yeye kwenye fonti yake ya Mistral, ya 1953, alichukua mwandiko wake mwenyewe, na ukiivuta ikawa kubwa kwenye skrini utaona mkia wa herufi moja unaishia pale pale nyengine inapoanzia, neno zima linakwenda bila kukatika. Hapo ndo penye kazi. Fonti mbovu utaijua hapo hapo, viungo vyake havikutani.

Sasa msiijaribu kwa maneno ya kizungu yaliyokuja na tangazo lake! Andika Mwanakhamis, uone M kubwa kama haiiparamii w, uone k na h kama zinatofautika. Kisha andika Ng'ambo, maana kile kialama cha juu kwenye fonti nyingi kinaacha pengo, jina linakuwa vipande viwili, itabidi usogeze kwa mkono.

Kwenye kadi, majina ya bwana na bibi harusi yape fonti hiyo, yaweke makubwa yapendeze. Lakini msikiti, tarehe, saa, namba ya simu, weka herufi za kawaida jamani, kuna fonti ya mwandiko 1 na 7 huzitenganishi, na kadi inakwenda kwa bibi aliyekaa barazani na miwani yake, anataka kujua nikaha saa ngapi.

Na tafadhalini msiandike neno zima kwa herufi kubwa za mwandiko. Zile zimechorwa ziongoze neno, kila moja na mkia wake, ukizipanga pamoja zinagombana hata HARUSI haisomeki. Tazameni kanga zetu, jina lake limezoeleka kwa herufi kubwa zilizo wazi, mtu anapita nayo njiani na wewe unalisoma. Kibao cha duka vile vile, mtu yumo ndani ya daladala, hana muda wa kufumbua mikia.

Wale wa stika, kabla hamjakata ziunganisheni herufi ziwe umbo moja, la sivyo kisu cha mashine kinapita kila zinapopandana na stika inatoka vipande. Na ile mistari myembamba msiipunguze sana, inang'oka mkibandua.

Haya, fungueni kompyuta, tuanze na Mwanakhamis.