Kipozamataza wa Beesley: mtafuteni kwa mkia

Ndugu waongoza watalii, habari za jioni.

Ukitoka hapa Arusha kwa barabara ya Namanga, ukashapita Oldonyo Sambu, kaskazini ya Meru kuna uwanda mkavu wa majivu ya volkano: Angyata Osugat. Wageni huvuka bahari kuja kumwona ndege mmoja tu pale, kipozamataza wa Beesley. Nje ya kaskazini mwa Tanzania hayupo. Jamaa zake wa karibu wako mbali kabisa, Namibia, Botswana na Afrika Kusini.

Kosa kubwa ni kukaa garini na kupepesa darubini huku na huku. Ndege huyu ni mfupi kuliko kalamu, na rangi yake ni ya nyasi kavu. Akisimama kando ya fungu la nyasi, mita ishirini tu humwoni. Huonekana anapotembea.

Basi shukeni. Watu wanne au watano, mstari mmoja, mita kumi kumi kati yenu, jua mgongoni. Asubuhi maana yake mnaelekea magharibi. Hatua ishirini, simameni dakika nzima, pekueni ardhi kwa macho matupu kwanza. Anzeni saa 12 na nusu. Ikifika saa 4 mazigazi yanachezesha uwanda wote, na darubini, hata iwe ya bei gani, itakuza mazigazi.

Akiruka, huenda chinichini, hutua, kisha hukimbia. Msimtafute pale alipotua. Tafuteni pembeni yake. Alama ni mkia: mfupi mno, mweusi, ncha nyeupe. Halafu husimama wima, koo jeupe, mdomo mrefu uliopinda kidogo. Atakayewadanganya ni kipozamataza mwenye utosi mwekundu, na hao ni wengi. Huyo tumbo lake ni jeupe na mkia mrefu zaidi. Wetu tumbo lina rangi ya kutu. Mkimpata mmoja, tulieni, huenda wenzake wako jirani.

Kumpigia sauti yake iliyorekodiwa kwenye simu ili ajitokeze, hapana. Hutaga chini, ubavuni mwa fungu la nyasi. Akiacha mayai juani kwa ajili ya simu yako, hasara ni yake. Kwa sababu hiyohiyo gari lisitoke njiani.

Na msiwalaumu ng'ombe haraka. Nyasi fupi ndizo anazozitaka ndege huyu. Ubaya ni zikiliwa hadi udongo ubaki mtupu, kwa kuwa kwenye mashina yake ndiko anakochokoa wadudu.