Pale Alumini Inapokutana na Chuma

Ndugu zangu mafundi, nanyi wenye magari mliofika hapa Ilala jioni hii, asanteni.

Mtaani Gerezani, kwenye gereji, utasikia kila siku: "Injini za alumini hazidumu, za zamani zilikuwa chuma kitupu." Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini lawama imewekwa pasipo pake.

Injini ya Toyota 1HZ ya Land Cruiser ina bloku, yaani mwili wenye silinda, ya chuma, na hedi, yaani kichwa kinachofunika silinda juu, ya chuma pia. Zikipata moto zinatanuka sawasawa. Injini ya 1KZ-TE ya Prado ina bloku ya chuma, hedi ya alumini. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukueni hedi ya milimita 400, joto lake lipande nyuzi 80: itarefuka zaidi kidogo ya milimita 0.7, bloku kama 0.35 tu. Kati yao kuna gasketi, bamba jembamba la kuziba, nayo inasuguliwa kila unapowasha na kila unapozima. Sasa maji yapungue ukiwa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela. Hedi inataka kurefuka, boliti zimeishika. Itapinda, au itapasuka. Kwa hiyo gari likichemsha, msibadilishe gasketi peke yake. Wekeni rula iliyonyooka juu ya hedi, mpime uwazi kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia.

Lakini tazameni Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE: bloku ya alumini, slivu (mirija ambamo pistoni hutembea) za chuma ndani yake, hedi ya alumini. Metali zimechanganywa, na injini inadumu. Chevrolet Vega ya Marekani, modeli ya 1971, ilikwenda kinyume: bloku ya alumini bila slivu, hedi ya chuma juu yake. Ikichemsha, silinda zinaharibika na injini inaanza kula oili.

Linaloniuma zaidi ni maji. Alumini na chuma zilizogusana, zikikaa kwenye maji ya chumvi, zinafanya kazi ya betri, na inayoliwa ni alumini. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na sisi tunachota humo humo tukajaza rejeta! Ukifungua hedi unakuta unga mweupe na vishimo kuzunguka matundu ya maji. Gasketi mpya haizibi hapo, kisha tunamlaumu muuza spea. Kulanti, kile kimiminika maalumu cha kupozea injini, ina dawa za kulinda metali zote mbili. Dawa hizo huisha, kwa hiyo ibadilishwe kwa muda wake, na ya kuchanganya ichanganywe na maji yasiyo na madini.

Wenye BMW za injini ya N52, nisikilizeni. Bloku ile ni kiini cha alumini kilichozungushiwa magnesi, metali nyepesi zaidi, na magnesi huliwa upesi kuliko alumini. Ndiyo sababu kiwanda kiliweka boliti za alumini, za kutumika mara moja tu. Najua ni ghali. Ukifunga za chuma za kawaida, unyevu ukiingia, magnesi italika kuzunguka boliti na uzi hautashika tena.

Hedi zipo mezani, rula na fila pia. Sogeeni tuzipime.