Betri ndiyo inayokula fedha: mazungumzo kuhusu umeme wa jua Goma

Neema: Karibuni, wasikilizaji wetu wa Goma na wote mnaotufuata kutoka pande nyingine. Leo mimi na yaya Bahati, yaani mkubwa wangu, tunazungumzia gharama za umeme wa jua, kwa sababu kwenye avenyu yetu kaya kumi zimekubaliana kununua mtambo wa pamoja, na kila ninayemuuliza bei ananitajia bei ya paneli peke yake.

Bahati: Kosa linaanzia hapo, dada Neema. Paneli nzuri huishi miaka 25 au zaidi, ikipungua nguvu polepole, lakini betri ya asidi ambayo wengi wetu tunainunua, ikitumika kila usiku, huchoka baada ya miaka miwili au mitatu. Niliwahi kufika kwenye kituo cha afya kilichopewa mtambo kama msaada, nikakuta paneli zote ziko salama juu ya bati huku wakunga wakizalisha kwa tochi za simu, kwa kuwa betri zilikuwa zimekufa na hapakuwa na mtu aliyeweka akiba ya kununua nyingine. Jambo lile bado linaniuma.

Neema: Basi tupige hesabu mbele ya wasikilizaji. Tuchukue bei za mfano, maana bei ya dukani hubadilika. Tuseme betri mbili za asidi, za ampea-saa 200 kila moja, zinagharimu dola 500 kwa pamoja. Zikijaa zina karibu kilowati-saa tano, lakini haifai kutumia zaidi ya nusu, kwa hiyo kila usiku tunapata mbili na nusu hivi.

Bahati: Na zikidumu miaka mitatu, ni miezi 36. Gawanya dola 500 kwa 36, unapata karibu dola 14 kwa mwezi, yaani dola moja na nusu hivi kwa kila kaya, fedha ambazo zinapaswa kuwekwa tangu mwezi wa kwanza, wakati betri bado ni mpya na hakuna anayeona haja ya kuchanga. Sasa tuseme betri ya lithiamu inayotoa umeme uleule ina bei ya dola 900, nayo inadumu miaka tisa. Katika miaka hiyo tisa, za asidi utazinunua mara tatu, dola 1,500.

Neema: Kwa hiyo iliyo ghali ndiyo nafuu. Lakini yaya, mama anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, rejareja hawezi kungoja miaka tisa ili aone faida. Yeye anatazama fedha zinazotakiwa leo.

Bahati: Ni kweli kabisa, na ndiyo maana ninaona kazi ya likelemba, mchango wetu wa zamu, ni kuziba pengo hilo la siku ya kwanza. Watu wetu tayari wanajua kuchangiana kwa zamu, na kila mmoja anajua zamu yake inafika lini. Kinachohitajika ni zamu moja iwe ya betri, na isiguswe hata kukitokea msiba.

Neema: Hapo sikubaliani nawe kwa urahisi. Msiba ukitokea kwenye avenyu, nani atathubutu kusema fedha zipo lakini hazitoki? Mimi ningependa ziwekwe mbali na mikono yetu. Na kuna njia nyingine: sheria ya umeme ya Juni 2014 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi, na mwaka 2020 hapa Goma, mtaani Ndosho, kampuni ya Nuru iliwasha mtambo wa jua wa megawati 1.3. Mteja analipia umeme anaotumia, na mzigo wa betri unabaki kwa kampuni.

Bahati: Mahali nguzo zao zimefika, ningemshauri mtu alinganishe kwanza kabla ya kununua chochote. Vilevile kuna umeme wa maji unaotoka Matebe, kwenye mto Rutshuru, ambao unaweza kuendesha kinu au mashine ya kuchomelea kwa namna ambayo mtambo wetu mdogo hauwezi. Lakini waya ndefu ina udhaifu wake. Tuliona Januari 2025, vita vilipofika mjini na umeme ukakatika, kwamba wenye paneli zao ndio walioweza kuchaji simu na kuwatafuta ndugu zao.

Neema: Tuwaambie pia ukweli kuhusu kupika. Jiko la umeme la wati 1,000 likiwaka saa mbili na nusu linamaliza akiba yote ya usiku ya kaya kumi. Anayeahidi kwamba mtambo huu utatuondolea makala anatudanganya. Huu ni wa taa, simu, redio, na pengine televisheni moja.

Bahati: Na usafi. Majivu ya volkano ya Nyiragongo hutua kwenye paneli na kupunguza umeme, na moshi wake wenye asidi unaokula mabati yetu hula pia vyuma vya kushikilia paneli na viungo vya waya. Lazima mtu mmoja apewe kazi ya kufuta kwa maji na kitambaa laini, alipwe hata kidogo. Hiyo nayo ni gharama.

Neema: Kuna jambo linalonitia hofu zaidi. Betri ya asidi ikifa inatupwa wapi? Ina madini ya risasi, sumu inayoharibu akili za watoto, na nimeona watu wakimwaga asidi yake juu ya mawe ya volkano, yenye nyufa zinazopitisha kila kitu chini, ilhali familia nyingi huchota maji ziwani.

Bahati: Risasi yake inaweza kuyeyushwa na kutumika tena, ila si kwenye moto wa uani. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama atapokea betri iliyokufa, na ahadi hiyo iandikwe kwenye risiti.

Neema: Kaya zetu kumi zinakutana Jumapili baada ya ibada. Nitapeleka hesabu hii ya dola 14, na nitauliza kwanza nani atashika daftari, na nani atashika fedha, wawe watu wawili tofauti.