Uchovu wa Mgonjwa wa Saratani ya Ini Tusiusingizie Ini Peke Yake

Jamani karibuni. Leo naongea zaidi na manesi na ndugu mnaouguza nyumbani, kwa sababu nyie ndo mnaomuona mgonjwa kila siku.

Dawa za kinga anazopewa mgonjwa wa saratani ya ini haziui saratani zenyewe, zinaachia breki ya kinga ya mwili ili kinga ndo ipigane. Tangu 2020 atezolizumabu, ambayo ni dawa ya kinga, ikitolewa pamoja na bevasizumabu, ambayo si ya kinga, zimekuwa tiba kubwa ya saratani ya ini iliyosambaa, 2022 Marekani wakapitisha tremelimumabu na durvalumabu, zote mbili dawa za kinga. Sasa kinga ikishaachiwa haichagui vizuri, inaweza kugeukia tezi za homoni.

Inayoguswa sana ni thairoidi, ile tezi ya shingoni. Mara nyingi inaanza kwa kumwaga homoni, moyo unaenda mbio, mtu anatoka jasho, anakonda, halafu wiki kadhaa baadaye tezi inazimika, anasikia baridi, choo kigumu, amechoka hata kuongea hataki, na nyumbani mnasema basi, ini limezidi. Kumbe angepimwa damu angeanzishwa kidonge cha levothairoksini, kinachorudisha homoni ya thairoidi, akainuka! Hii inaniuma kweli.

Lakini subirini, kabla ya hicho kidonge pimeni kotisoli ya asubuhi, homoni inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa. Dawa za jamii ya tremelimumabu na ipilimumabu zinaweza kuumiza pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo, kichwa kinauma, presha inashuka, sodiamu, yaani chumvi ya damu, inashuka, mgonjwa anatapika. Kotisoli ikiwa chini anaanza hidrokotisoni kwanza, dawa inayoziba pengo la kotisoli, thairoidi baadaye, mkigeuza mpangilio mnaweza kumuangusha kabisa.

Dawa hizi zinaweza pia kuleta kisukari cha ghafla, ni nadra, ila hakisubiri kliniki ijayo. Kiu kali, mkojo mwingi, anahema haraka: mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, anahitaji insulini. Na kama ini lina makovu msitegemee kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, kinaweza kudanganya, pimeni sukari yenyewe.

Watu wananiuliza, je, ndo mwisho wa tiba? Hapana, homoni zikisharudishwa wengi wanaendelea na dripu zao za dawa za kinga. Ila tezi ya pituitari ikishaacha kuamrisha kotisoli huwa hairudi, kwa hiyo hidrokotisoni ni ya maisha, msiikatishe eti kwa sababu kapata nafuu, na akipata homa kali dozi inaongezwa kama daktari alivyowaelekeza, akitapika asiweze kumeza mkimbizeni akachomwe sindano ya hidrokotisoni, na mkifika pale mapokezi semeni kwamba anatumia hidrokotisoni kabla ya kitu kingine chochote.