Jinomu yangu ya kwanza ilikuwa na kidole changu ndani

Haya, sauti inafika huko nyuma? Sawa. Naomba nianze na aibu yangu mwenyewe alafu ndo twende kwenye mambo ya wengine, maana nikianza na ya wenzangu mtasema huyu kaja kusengenya watu.

Jinomu ni DNA yote ya kiumbe, ikiandikwa kwa herufi nne, A, C, G, T, na ya kwanza kabisa niliyoisoma mimi ilikuwa ya bakteria anayeitwa Klebsiella pneumoniae. Nilikuwa na haraka, nikachota koloni moja, yaani kishada cha bakteria, kwenye sahani ya kukuzia, ilikuwa imegusana na kakoloni kengine kadogo keupe nikasema aah hako hakana shida, nikakuza usiku kucha, asubuhi nikatoa DNA, ikaenda kwenye mashine ya kuisoma, vipande vikarudi, programu ikaviunganisha, faili hilo hapo. Nikalipitisha kwenye programu ya ukaguzi. Ile programu inatafuta jeni ambazo kila bakteria wa kundi hilo lazima awe nazo, tena nakala moja moja tu, alafu inakupa namba mbili, ya kwanza ni umezipata asilimia ngapi ya hizo jeni, ya pili ni kiasi gani zimejirudia wakati hazikutakiwa kujirudia. Namba ya kwanza ilikuwa 100. Nilishangilia bwana, nikaita hadi watu waje waone. Namba ya pili macho yaliipita tu.

Nikalipandisha faili kwenye hifadhi ya umma, likapewa namba yake, nikaendelea na maisha.

Miezi kadhaa baadaye mtu ambaye sijawahi kuonana naye akaniandikia, kwa adabu kabisa, akauliza kwa nini Klebsiella yangu ina herufi kama milioni 8 wakati wenzake wana milioni 5 na nusu hivi. Akaniambatanishia grafu. Alikuwa amechukua vipande vyangu vyote, kila kimoja akapima asilimia ya G na C, akachora, vikatokea vilima viwili. Kimoja kwenye 57, hiyo ndo Klebsiella, kila herufi yake imesomwa mara 120 hivi. Kingine kwenye 32, kimesomwa mara 15 tu. Hicho kilima kidogo ni Staphylococcus epidermidis, bakteria anayeishi kwenye ngozi yako na yangu. Yaani nilikuwa nimesoma kidole changu nikakipa jina la Klebsiella. Na ona hiyo tofauti ya 120 na 15, ganda la Staphylococcus ni gumu kulipasua, kwa hiyo DNA yake inatoka kidogo ukitumia dawa za kawaida, ndo maana kilima kilikuwa kifupi. Kila kitu kilikuwa kinaonekana pale pale, mimi tu ndo sikuangalia.

Nawaambia hivi kwa sababu faili la jinomu ni kitu kinachodanganya vizuri sana. Sahani ikiingia uchafu unaona ukungu, unasikia harufu. Faili halinuki. Ni herufi nne tu, A, C, G, T, mstari kwa mstari, za kweli na za uongo zimevaa nguo moja.

Zamani kazi ilikuwa kusoma. Mwaka 1995 watu wa taasisi ya TIGR kule Marekani walipotoa jinomu ya bakteria Haemophilus influenzae, herufi 1,830,137, ya kwanza ya kiumbe kinachojitegemea, ilikuwa kazi ya timu nzima. Leo mwanafunzi mmoja anasoma makumi kwa mpigo alafu anaenda kulala. Kusoma kumekuwa rahisi, kuamini ulichosoma ndo kumebaki kugumu kule kule, tena kumezidi maana mafaili ni mengi hakuna mwenye muda wa kuyaangalia moja moja.

Tuanze na uchafu unaotoka kwenye mashine yenyewe. Kuna kirusi kinaitwa PhiX174, kinashambulia E. coli, bakteria wa tumboni, jinomu ya kirusi hicho ni ndogo sana, herufi 5,386, Sanger na wenzake waliisoma mwaka 1977. Kwa kuwa inajulikana herufi kwa herufi, watu wa Illumina, kampuni ya mashine za kusoma DNA, wanaichanganya kwenye mashine kama kipimo cha kujua mashine inasoma sawasawa. Ni wazo zuri, ila mwishoni inabidi uitoe. Mwaka 2015 watu wakapekua hifadhi wakakuta jinomu zaidi ya 1,000 za vijidudu zimebaki na PhiX ndani yake. Hebu fikiria mtu anatafuta virusi ndani ya bakteria, anakuta kirusi kilekile kwenye bakteria wa baharini, wa udongoni, wa tumboni, anaanza kuandika nadharia kubwa jinsi kirusi hiki kilivyosafiri dunia nzima. Kimesafiri kweli, kwenye kopo la kipimo cha mashine.

  

Uchafu wa binadamu ndo mbaya zaidi, na hapa naomba tukae kidogo. DNA yetu iko kila mahali, ngozi, mate, nywele. Vipande vyake vinaingia kwenye jinomu za bakteria, vifupi vifupi, hasa vile vinavyojirudia mara nyingi kwenye DNA yetu. Mwaka 2019 ulitoka utafiti ulioonyesha jinomu za bakteria zaidi ya 2,000 zina vipande vya binadamu, na programu zinazotafuta jeni zilikuwa zimeshavigeuza kuwa maelfu ya protini ambazo hazipo duniani. Na protini ya uongo ikishaonekana kwenye bakteria watano wasio ndugu inaanza kuonekana ya maana, mtu anasema si unaona, imehifadhiwa kwenye mageuzi, lazima ina kazi! Kumbe waliohifadhiwa ni sisi.

Sasa mtasema hayo ni makosa ya kwenye makaratasi, yanamuumiza nani. Mwaka 2020 jarida la Nature lilitoa makala kubwa sana, kwamba kwenye data za saratani za aina zaidi ya 30 kuna alama za vijidudu, na kompyuta inaweza kuzitumia kutambua aina ya saratani, hadi kwenye damu. Watu walifurahi, wengine wakajenga kazi zao juu yake. Mwaka 2023 kundi jingine likarudia hesabu. Wakakuta vipande vingi vilivyohesabiwa kama bakteria ni DNA ya binadamu. Njia yake ilikuwa hivi, kipande cha mgonjwa kikishindwa kulingana na jinomu ya rejea ya binadamu kinapelekwa kutafutwa kwenye hifadhi ya bakteria, na kule kuna jinomu za bakteria zenye vipande vya binadamu, basi kinapata mwenzake, kinaandikwa bakteria. Kulikuwa na kosa lingine pia kwenye namna data zilivyosawazishwa, lilikuwa zito vilevile. Mwaka 2024 makala ikaondolewa. Nikisoma habari hizo nakumbuka kakoloni kangu keupe, maana mafaili machafu ya aina hiyo yaliwekwa na watu kama mimi, sio wabaya, wana haraka tu.

Haya, tuseme faili ni safi, ni bakteria mmoja kweli. Bado kuna makosa ya herufi. Andikeni hapo, MTI ULE SIO HUO. Ndani ya seli jeni inasomwa herufi tatu tatu, si ndio? Sasa toa ile I ya kwanza, herufi moja tu, alafu endelea kusoma tatu tatu. Inakuwa MTU LES IOH UO. Mti kawa mtu na vingine vyote ni upuuzi. Ndo kinachotokea kwenye jeni ikikosa herufi moja, na mashine zinazosoma vipande virefu zilikuwa na udhaifu hapohapo, zikikuta A nane mfululizo zinasema saba. Zimekuwa bora sana siku hizi, ila pigeni hesabu, usahihi wa kukosea mara moja kwenye herufi 10,000 unasikika mzuri, lakini kwenye jinomu ya milioni 5 ni makosa 500, na jinomu hiyo ina jeni kama 5,000. Jeni moja kati ya kumi inaweza kuwa imeguswa. Ukitaka makosa matano tu kwenye faili zima unahitaji kukosea mara moja kwenye milioni.

Na vipande vifupi navyo vina ugonjwa wake. E. coli ana nakala saba za fungu la jeni za rRNA, molekuli za mtambo wa seli wa kutengeneza protini, kila fungu ni herufi kama 5,000, zinafanana karibu kabisa. Kipande chako ni herufi 150. Utajuaje kimetoka nakala ipi? Hujui, na programu haijui, kwa hiyo inakata pale na unapata faili lenye vipande mia na kitu badala ya duara moja, maana jinomu yake ni duara. Ndo maana wengi tunasoma kwa njia zote mbili, virefu vya kupanga, vifupi vya kusahihisha herufi.

Ila hayo yote, mimi naona, ni madogo kuliko swali hili: chupa yenye bakteria mwenyewe iko wapi? Faili limetoka kwa bakteria gani, nani alimtoa, wapi, lini, amekuzwa upya mara ngapi, na je leo naweza kumpata nikamsoma tena? Chukueni bakteria Pseudomonas aeruginosa, streni ya PAO1, kila mtu anayefanya kazi na Pseudomonas anaye, au anadhani anaye. Alitoka kwenye kidonda cha mgonjwa kule Melbourne miaka ya 1950, jinomu ikatoka mwaka 2000, herufi milioni 6.3. Walipolinganisha PAO1 za maabara tofauti wakakuta hazifanani, hata ile iliyosomwa ina kipande kikubwa sana kimegeuzwa kichwa chini. Hakuna aliyekosea kusoma, ni bakteria wamegawana njia kwenye mafriza ya watu, jina likabaki lilelile.

Upande wa pili kuna bakteria anayeitwa NCTC 1. Huyu ni Shigella flexneri, alitolewa mwaka 1915 kwa mwanajeshi Mwingereza, Ernest Cable, aliyekufa kwa kuhara damu kule Ufaransa wakati wa vita. Akahifadhiwa, na hifadhi ya bakteria ya NCTC ya Uingereza ilipoanza mwaka 1920 akawa namba moja. Karibu miaka mia baadaye, 2014, wakatoa jinomu yake, na wakamjaribu na dawa, wakakuta anahimili penisilini, dawa ambayo iligunduliwa mwaka 1928. Mnaona? Faili linasema ana jeni fulani, chupa inajibu ndiyo au hapana. Kwa PAO1 ya friza lako unamuuliza nani?

Ndo maana sheria ya majina ya bakteria inataka ukitangaza spishi mpya uweke streni ya mfano, yaani bakteria hai wa kulinganishia, kwenye hifadhi mbili za umma, nchi mbili tofauti.

Swali? Ndiyo, dada mwenye daftari. Anauliza, ukishagundua faili lako ni chafu unafanyaje, na je mtu mwingine hawezi kulirekebisha? Hawezi. GenBank ya Marekani na wenzake wa Ulaya na Japani ni hifadhi, kama masjala, aliyeleta ndo mwenye kubadilisha. Wana programu zao za kunasa uchafu wakati wa kupokea, na wana mkusanyiko uliochujwa unaoitwa RefSeq, ila kilichopita kimepita mpaka mwenyewe aandike. Mimi niliandika, mistari minne, nikaomba msamaha mara mbili, mara moja ingetosha. Nikarudi kwenye friza, nikasambaza upya kwenye sahani mara tatu mpaka koloni zote zikafanana, nikasoma tena, milioni 5.5, kilima kimoja. Faili jipya likapewa namba ileile ila mwishoni badala ya .1 ni .2. La zamani bado linaonekana ukilitafuta, na kidole changu kimo.