Mabwana Harusi Wawili

SALMA: Karibuni tena. Leo nimekuja na daftari. Mambo matatu kuhusu kutafuta vipuri asilia vya umeme vya ndege za zamani, nimeyapanga vizuri kabisa.

JUMA: Kabla ya daftari, waambie kilichofika Jumanne.

SALMA: Uliahidi hutalitaja.

JUMA: Niliahidi kujaribu.

SALMA: Haya. Wiki sita nasubiri plagi ya AN3106, zile za alumini za jeshi la Marekani enzi za vita. Imefika na karatasi yake ya nta, haijaguswa toka itoke kiwandani. Nimeipeleka kwenye ndege, naisogeza... pini zinatazamana na pini.

JUMA: Mabwana harusi wawili, bibi harusi hayupo!

SALMA: Cheka tu. Namba niliisoma: 14S-2P. Nikaona S, nikajua soketi.

JUMA: Hiyo S imewalaza wengi macho. Ifafanue.

SALMA: 14 ni ukubwa wa ganda, sehemu 14 za 16 za inchi. S inayoifuata inasema ganda ni fupi, basi. 2 ni mpangilio wa ndani, na huu una nafasi nne. Jinsia iko mwisho kabisa: P pini, S soketi. Mimi nilihitaji 14S-2S.

JUMA: Kwa hiyo ameletwa bwana harusi mfupi.

SALMA: Juma.

JUMA: Na wapambe wanne. Muuzaji je?

SALMA: Kagoma kurudisha hela.

JUMA: Mahari hairudi, dada! Na kwa nini upande wa ndege uwe na pini?

SALMA: Kwa sababu pale ndipo umeme unapopokelewa. Upande unaoleta umeme huwekwa soketi, ili plagi ikichomoka pini zenye umeme zisibaki wazi zikagusa bodi.

JUMA: Tuseme umepata hiyo S. Nyuma yake unaunga waya gani?

SALMA: Zilezile za zamani. Mpira ndani, pamba iliyosukwa juu.

JUMA: Hapana. Ule mpira umekauka. Ukiukunja unamomonyoka.

SALMA: Palipomomonyoka nabadilisha. Palipo pazima napima kama umeme unavuja, nikiona hauvuji naacha.

JUMA: Unapima ndege imesimama! Injini ikianza kutetemesha kila kitu, kipimo chako kinakusaidia nini? Ndege ya kuruka, toa waya zote. Weka mpya, uzivishe pamba kama unataka sura.

SALMA: Hapo ndipo unaponikera. Kuvisha pamba ni uongo. Aje fundi mwingine miaka 30 baadaye, aamini anaona kazi ya kiwandani?

JUMA: Ataandikiwa kwenye kumbukumbu za ndege.

SALMA: Nani anasoma kumbukumbu akiwa kalala chali chini ya dashibodi?

JUMA: Bora adanganyike kuliko moshi kumkuta angani.

SALMA: Sijasema niruke na waya mbovu!

JUMA: Umesema uruke na waya mzee.

SALMA: Mzee na mbovu si kitu kimoja.

JUMA: Kwa mpira, ni kitu kimoja.

SALMA: Sikubali.

JUMA: Wala mimi. Dakika zimebaki mbili.

SALMA: Mbili? Na daftari langu?

JUMA: Wiki ijayo.

SALMA: Ulisema hivyohivyo wiki iliyopita. Basi, msikilizaji mwenye 14S-2S, nina P mpya kabisa, tubadilishane.

JUMA: Anaposa huyo.

SALMA: Zima mashine, Juma.

JUMA: Nazima. Ila zile waya uzitoe.